Kichupa Ndani ya Barafu ya Samaki

Nakumbuka asubuhi fulani pale kwetu Usenge, kando ya ziwa, mwanangu, nikiwa msichana mwenye mikono ya nguvu na kichwa kigumu, nikiponda barafu kwa nyundo kwenye sanduku la samaki. Umekua ukiambiwa kwamba mjomba wako Owino alikufa kwa malaria. Si kweli. Leo nitakwambia kilichomuua, nawe usinikatize, kwa sababu ndani ya friji yako kuna dawa kama ile yake.

Owino, mdogo wangu, alikuwa na ugonjwa wa sukari tangu utotoni. Hakula vitamu kutushinda sisi wengine, ulimpata tu. Bila insulini ya kujidunga kila siku hakuwa na maisha. Nyumbani hatukuwa na umeme, kwa hiyo mama aliweka kichupa cha dawa ndani ya chungu kidogo, kile chungu akakitia ndani ya kikubwa chenye mchanga, na mchanga huo akawa anaulowesha asubuhi na jioni. Nilizoea kumcheka. Nilimwambia analea chungu kama mjukuu, naye alikuwa akiendelea kumwagilia tu.

Ndipo dada yake mama, aliyeolewa Sondu, akafariki. Mama alitangulia matangani. Mimi na Owino tungemfuata na samaki wa kulisha waombolezaji. Kabla ya kuondoka aliniita jikoni.

"Atieno, hiyo dawa uifunge na kitambaa ya maji, uitie kwa kibuyu, ukae nayo kwa mapaja. Usiiache kwa jua. Na usiiweke kwa barafu. Sista wa hospitali alikataza kabisa."

"Nimesikia, Mama."

Kusikia nilisikia. Lakini barafu niliijua mimi. Nilikuwa nimeiona ikimtunza samaki mbuta kutoka ziwani mpaka Kisumu, jicho bado linang'aa. Kibuyu na kitambaa kibichi nikaviona ushamba wa kunichekesha mbele ya watu. Basi nikakipachika kichupa katikati ya samaki wetu wa ngege, nikakifukia kwa barafu, nikafunga sanduku na kujipongeza.

Tulifika Sondu jua likianza kupinda. Nilipokichomoa kile kichupa, dawa ilikuwa imeganda. Nikakifumbata kwa viganja na kukipumulia mpaka ikayeyuka, ila haikurudi ilivyokuwa. Chembe nyeupe zilishika kioo kwa ndani, hata nilipokitikisa. Owino alikipokea, akakitazama kwa muda.

"Nyaminwa, hii iko sawa?" akaniuliza. Ndivyo tunavyomwita dada.

"Iko sawa. Imeshika tu baridi."

Akajidunga. Jioni mama alinifikia katikati ya waombolezaji, akauliza dawa nimeibeba namna gani. Nikamjibu, "Vile ulisema." Hapo, mwanangu, ndipo nilipomuua ndugu yangu, si pale kwenye barafu. Siku ile barabara ilikuwa kavu, na Kisumu dawa nyingine ingepatikana. Lakini dawa ilikuwa ghali, na mimi niliona haya kusemwa mbele ya jamaa zetu kwamba nimeiharibu. Nikamwomba Mungu aifanye ifanye kazi hivyo hivyo.

Haikufanya. Kesho yake Owino alianza kunywa maji bila kutosheka, na kutoka nje kila mara kwa haja ndogo. Watu wakasema ni kilio kimemwelemea. Kisha akatapika, wakasema ni malaria. Alijidunga tena, akaongeza kipimo, kumbe anajidunga kitu kilichokufa. Pumzi yake ikawa nzito, yenye harufu ya matunda yaliyoiva kupita kiasi. Nilimpangusa uso kwa kanga yangu na bado sikusema. Huku nje mvua ilikuwa ikimwagika tangu tulipozika.

Mama ndiye aliyeamua tumkimbize Kisumu. Tulipofika Ahero maji yalikuwa yamefunika barabara na magari yamesimama mbele na nyuma yetu. Tukakwama pale, kichwa cha Owino kwenye mapaja ya mama. Akaniomba kichupa. Alikiinua penye mwanga wa dirisha, akakizungusha polepole.

"Iliganda?"

"Ndiyo, Mama."

Hakunipiga, wala hakupaza sauti.

"Samaki amekufa tayari, Atieno," alisema. "Ndiyo maana barafu haimfanyi kitu. Hii dawa ilikuwa hai. Na huyu mtoto bado ako hai, na sina kitu ya kumpa."

Owino alikuwa macho. Sijui alisikia kiasi gani. Alinishika kidole, au pengine alikuwa akitafuta tu kitu cha kushika. Maji yalipopungua na magari kuanza kupita, hatukuwa tena na sababu ya kuharakisha.

Waliotuuliza, mama aliwajibu kuwa ni malaria. Alisema hivyo mpaka alipoingia kaburini, ili nisiishi nikinyooshewa vidole. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, walisema wahenga. Guu langu mimi ni zima mpaka leo. Hawakutwambia kwamba wakati mwingine linalovunjika ni la mwenzako.

Sasa jana nimekuja kumwona mtoto wako, nikakuta kalamu zake za kudungia insulini umezisukuma pale juu ndani ya friji barafu inapoota, zimekuwa ngumu. Nilipokukataza usimdunge nazo ulinuna. Ukasema, "Lakini Mama, zikiyeyuka zinaonekana ziko sawa." Sikulala. Ni maneno yangu yale yale, yamerudi kwa mdomo wako.

Kwa hiyo shika haya. Zilizoganda zitupe, hata zikionekana safi kama maji ya kisima, na uende kliniki leo hii uombe nyingine. Ambazo hazijafunguliwa zikae rafu ya katikati ya friji. Ile anayotumia yaweza kukaa nje mahali pa ubaridi, kwa muda atakaokwambia nesi, na umeme ukipotea, vyungu vya nyanya yako ninavyo bado. Safarini usiiweke kwenye buti ya gari wala penye jua la dirisha. Ibebe mwenyewe, pamoja na ya akiba na sindano zake, na kitu kitamu kwa ajili ya sukari ikishuka. Ukilazimika kutumia barafu, kitambaa kinene kiwe kati yake na dawa. Itazame kila mara kabla hujamdunga. Na ukikosea, maana utakosea, sema siku hiyo hiyo, barabara ikiwa bado kavu.

Mungu akulindie mtoto wako, mwanangu, aote mvi ambazo Owino hakuziota. Nawe akupe ulimi mwepesi kuliko wangu.