Wivu wa kichwa cha gitaa ulivyoninyima safari ya Dar

Wakuu, habari za humu ndani. Wakubwa zangu shikamooni, wadogo zangu marahaba.

Juzi kuna kijana aliuliza humu kama umbo la headstock, yaani kile kichwa cha gitaa kule juu zinapokaa funguo za kukazia nyuzi, lina maana yoyote au ni urembo tu. Watu wakamjibu kwa utani, uzi ukafa. Mimi lile swali liliniuma, maana jibu lake nililipata kwa aibu.

Ninachosimulia ni kweli tupu, pamoja na sehemu ambayo hata mke wangu hajawahi kuisikia. Majina tu nimebadilisha. Niiteni Mhina.

Nilikuwa Tanga mjini, miaka ya themanini, zama za foleni. Sabuni foleni, sukari foleni, kanga foleni. Nilikuwa mtunza stoo kwenye shirika moja la umma, na shirika lilikuwa na bendi yake kama ilivyokuwa kawaida siku hizo. Vyombo vyote vilikuwa mali ya shirika. Mimi nilipiga solo.

Vijana wa sasa mnaagiza nyuzi kwa simu. Sisi dukani hazikuwepo kabisa. Zilizochakaa tulizivua, tukazichemsha kwenye sufuria kwa maji ya majivu, tukazifuta na kuzirudisha. Ule uzi mwembamba wa kwanza ukikatika, unafumua waya wa breki ya baiskeli, unachomoa unywele mmoja, maisha yanaendelea.

Gitaa langu lilikuwa la kizamani, rangi imebanduka. Kichwa chake chembamba, kimenyooka sawasawa na mkono wa gitaa, funguo zote sita zimejipanga upande mmoja. Mpiga tumba wetu alikuwa analiita mswaki.

Lakini mswaki huo ukizilinganisha nyuzi zake saa nane mchana, jioni sauti bado iko palepale. Sikuwahi kujiuliza kwa nini. Nilidhani ni mkono wangu mzuri.

Sasa hapa niwaambie kitu kimoja kuhusu baba yangu, maana bila hicho hamtanielewa. Mzee alikuwa Muheza, amestaafu kwenye mkonge. Kwake yeye muziki ulikuwa uhuni, basi. Kila nikienda kumsalimia ananiuliza, "Bado uko na wale wahuni?" Mimi namjibu, "Baba, iko siku utanisikia redioni." Anaendelea kumenya chungwa lake.

Hiyo siku ya redioni ndiyo niliyokuwa naingojea.

Basi zikaja zama za ruksa. Milango ikafunguliwa, maduka ya barabara ya sokoni yakaanza kujaa vitu tulivyokuwa tumevisahau. Ndipo akaingia Hemedi.

Hemedi alikuwa kijana wa Nguvumali, mpole, mwembamba, anaongea taratibu. Kaka yake alikuwa baharia. Siku ya kwanza amekuja mazoezini na begi jeusi, akalifungua zipu, sote tukasogea.

Gitaa jekundu. Lakini mimi sikuona rangi, mimi niliona kichwa. Kipana, kimeinama kidogo kwa nyuma, funguo tatu huku na tatu kule, na katikati kuna ua limechongwa kwa gamba la chaza, linameta kila akigeuka.

Wakuu, nisiwafiche, roho iliniuma. Iliniuma kifua hiki hapa. Nilitazama mswaki wangu nikaona kama nimeshika ufagio mbele za watu.

Kuanzia siku hiyo Hemedi akipiga vizuri nakasirika, akikosea nafurahi. Akinisalimia naitikia huku natazama pembeni. Tukiwa jukwaani naona watu wa mbele wote macho yako kwake, nasema moyoni wanatazama lile ua. Na yeye alikuwa na kimtindo kimoja, kila baada ya wimbo anageukia ukutani anainamia gitaa lake, anafanya kitu pale juu. Nikasema huyu ana dawa. Tanga hiyo, mnajua wenyewe. Nilianza hadi kukwepa kukanyaga aliposimama.

Mambo yakachemka kiongozi wetu, mzee Salehe, alipotuita. Alisema bendi inakwenda Dar kurekodi redioni. Gari lililotolewa ni dogo na mafuta ni ya shida, kwa hiyo mpiga solo anakwenda mmoja.

"Jumapili ya wiki ijayo, dansi la mchana, nitawasikiliza nyote wawili," akasema. "Atakayetulia ndiye atakayepanda gari."

Mtu mwenye akili angekwenda kufanya mazoezi. Mimi nilikwenda kwa fundi seremala.

Fundi mwenyewe alikuwa mzee Shemweta, Msambaa, aliyefanya kazi ya mbao miaka mingi huko Amani kabla ya kuteremka mjini. Nilibeba gitaa la shirika ndani ya gunia. Kumbukeni, mali ya umma hiyo, na mimi ndiye mwenye funguo za stoo.

Nikamwambia nataka kichwa kipanuliwe. Aongeze mbao pembeni, azibe matundu ya zamani, atoboe matatu huku na matatu kule. Nikamchorea kwa mkaa kwenye ubao.

Mzee Shemweta akaligeuzageuza lile gitaa, akafumba jicho moja akatazama nyuzi kwa urefu wake.

"Mwanangu, hizi nyuzi zako zimenyooka kutoka chini mpaka kwenye funguo. Ukikipanua kichwa, zikifika hapa kwenye huu mfupa zinapopita kabla ya funguo, zitakwenda upogo. Zitakwama."

"La mwenzangu liko hivyohivyo, fundi."

"La mwenzio limenyooka au limeinama?"

"Limeinama kidogo."

"Basi hilo la mwenzio nyuzi zinabanwa chini. Lako limelala, hazina cha kuzikalisha. Nikitaka kuliinamisha sharti nikate mkono, na mkono wa watu sikati."

Nikamwambia, "Fundi, mimi nataka sura."

Akachukua msumeno.

Kazi yake ilikuwa safi, simlaumu. Mbawa za mninga, gundi imeshika, mshono huuoni. Mimi mwenyewe nikapaka rangi ya viatu, ile ya damu ya mzee, mpaka kichwa kikang'aa. Halafu nikaenda ufukweni Raskazone, nikaokota gamba, nikalisaga kwenye jiwe siku mbili nzima na kulibandika katikati. Langu lilikuwa nyota. Nilitaka lilizidi lile ua.

Jumapili ikafika. Nilipotoa gitaa kwenye begi watu walipiga miluzi. Mpiga tumba akasema, "Leo mswaki umeoa." Nikajiona mfalme.

Hemedi alilitazama kwa muda mrefu. Uso wake ulikuwa umebadilika, na mimi nikafurahi, nikasema leo nawe uonje.

Wimbo wa kwanza, salama. Wimbo wa pili, nikaukunja uzi wa tatu kwa kidole kama nilivyozoea, nikauachia. Haukurudi.

Yaani ulirudi, lakini ukaishia njiani. Sauti ikawa juu kidogo ya inapotakiwa. Nikazungusha ufunguo kuishusha, ikanata, halafu ikaporomoka kwa mkupuo mpaka chini. Nikakimbilia wa nne, nao hivyohivyo. Wimbo wa tatu ndio wa solo ndefu, na nilipofika katikati nilisikia mwenyewe nilivyokuwa nalia kama mbuzi. Uzi mmoja ukaruka kutoka kwenye nafasi yake pale kwenye mfupa. Watu wa mbele wakaanza kucheka.

Mzee Salehe alininyooshea kidole nishuke.

Hemedi akapanda. Akageukia ukutani, akafanya vitu vyake, akapiga. Alipiga vizuri, wakuu. Hata chuki yangu yote haikuweza kusema vinginevyo.

Baada ya dansi nilikuwa nimekaa nje kwenye ngazi, akanifuata. Akakaa bila kukaribishwa. Akatoa mfukoni kipande cha penseli, kidogo kama jino.

"Sugua hii pale nyuzi zinapopita," akasema. "Zile za kati zinakwama kwa sababu zinapinda. Langu linanitesa hivyo tangu niletewe na kaka. Kila wimbo nasugua."

Hiyo ndiyo ilikuwa dawa. Penseli ya shule.

Hemedi akalipapasa gitaa langu pale kwenye nyota, akauliza, "Kwa nini umelifanya hivi, Mhina? Mimi nilikuwa nalionea wivu hili. Linatulia. Nilikuwa najipanga nikuombe tubadilishane, nilikuwa naona haya tu."

Nikachukua gitaa nikalirudisha kwenye begi.

Bendi ikaenda Dar. Mimi nilibaki kujieleza mbele ya meneja kuhusu mali ya umma, nikaondolewa kwenye bendi, nikarudi kwenye stoo yangu bila funguo za chumba cha vyombo.

Kwa yule kijana aliyeuliza: jibu ndiyo, kichwa kina maana. Njia iliyonyooka inaifanya tuning itulie. Kilichoinama kina uzuri wake na kinazibana nyuzi vizuri, ila zikipinda zinakwama, na gitaa likianguka kwa mgongo hapo ndipo linapovunjika. Penseli inasaidia, hadi leo. Usichukue sura ya gitaa la mtu ukaacha sababu yake.

Sasa ile sehemu niliyowaahidi.

Miezi kadhaa baadaye nilikuwa Muheza kwa mzee, mchana, tumekaa barazani. Redio ikataja jina la bendi yetu. Baba akaacha kumenya chungwa. Ikafika ile solo, ndefu, safi, kila sauti imekaa mahali pake.

Baba akanigeukia. "Ni wewe huyo?"

Wakuu, nilikuwa na nafasi ya kusema hapana. Nilimwona moyoni Hemedi na gitaa lake jekundu, nikaona hata hili nalo atalichukua yeye.

Nikasema, "Ndiyo, baba."

Mzee akaongeza sauti ya redio. Akamwita jirani, akamwita na mke wa jirani. Akanishika bega, kitu ambacho hakuwahi kukifanya, akawaambia, "Huyu ni mwanangu anayepiga hapo."

Hakuniuliza tena kuhusu wahuni. Alifariki miaka michache baadaye, na kwenye msiba watu walinipa pole wakisema mzee alikuwa hachoki kuusifia ule wimbo.

Hemedi, nasikia uko Pangani siku hizi. Kama unapita humu ukausoma huu uzi, ile sifa ya baba yangu ilikuwa yako. Nimekaa nayo miaka yote hii, na mpaka leo nakuonea wivu.

Haya, mnaopiga magitaa na msiopiga, semeni yenu. Hata matusi nitayasoma.