Salamu ya Kunusa

Nilianza kumnusa binti yangu wiki ile msichana mmoja wa kidato cha pili alipofukuzwa shuleni kwao kwa kupatikana na bangi. Binti yangu alikuwa kidato hicho hicho, shule ya kutwa, mwendo mfupi kutoka kwetu Gakindu. Habari ilinikuta kwenye foleni ya kupima kahawa kiwandani. Mwanamke aliyekuwa mbele yangu aligeuka akaniambia, "Ati walikuwa wengi. Huyo ni yule tu alishikwa." Kahawa yangu ilipopimwa, sikuangalia hata mzani.

Hofu yangu ilikuwa na sura. Kaka yangu anayenifuata alianza bangi akiwa shuleni, akaacha masomo kidato cha tatu. Leo ni mtu mzima anayekaa kwa mama yetu, akibishana na watu ambao sisi hatuwaoni. Tulipogundua, baba alimchapa mpaka fimbo ikavunjika, na mama akanyamaza. Simkumbuki hata mtu mmoja aliyemwuliza jambo. Binti yangu mimi nilikuwa nimemwambia tu kwamba mjomba wake ni mgonjwa.

Basi kila jioni nikawa namngoja langoni. Namkumbatia, pua naipitisha kwenye nywele, kisha kwenye kola ya shati. Nilianza tena kumfulia sare, kazi aliyojifanyia tangu darasa la sita, ili nipate kupekua mifuko. Niliinua godoro lake. Nilisoma barua ya rafiki yake, na haikuwa na lolote ila umbea wa darasani, nikaona haya. Siku moja nilimsimamisha dirishani nimwangalie macho kwa sababu yalikuwa mekundu, nikasahau kwamba ni mimi niliyemtuma akapulize moto wa kuni mbichi.

Jumamosi moja tulikuwa tunachuma kahawa, yeye upande mmoja wa mti na mimi upande wa pili, akasema bila kuniangalia, "Mama, siku hizi unanisalimia ama unaninusa?"

Nilijaribu kucheka. Yeye hakucheka.

"Si uniulize tu," akasema.

Nikamwuliza. Ulimi ulikuwa mzito kama nimekula ndizi mbichi. "Umewahi kuvuta bangi?"

Alichuma tawi zima kabla ya kujibu. "Kuvuta, hapana. Nilikula. Rafiki yangu alileta biskuti siku ya michezo. Ya kwanza sikujua iko na nini. Ya pili nilijua."

"Halafu?"

"Moyo ulianza kukimbia, nikafikiria nitakufa. Nilijifungia chooni mpaka watu wakaenda nyumbani. Nilipofika ulinipa chai, ukaniuliza mbona siimalizi."

Siku hiyo ya michezo nilikuwa nimemnusa, nikakosa harufu, nikamshukuru Mungu.

Mkono wangu ulipanda wenyewe. Niliuona ukiwa hewani, nikaona ni mkono wa baba yangu, nikaushusha na kushika tawi. Nilipumua. Kisha nikamwuliza kwa nini alichukua ya pili. Akasema walikuwa wanamcheka, ati yeye ni mtoto wa kanisa.

Pale pale kati ya mikahawa nilimweleza habari za mjomba wake, kila kitu, hata fimbo ile. Alisikiliza huku machozi yakimtoka.

"Na mimi nitakuwa kama yeye?"

Nilitamani kusema hapana. "Si kila mtu anakuwa hivyo," nikamwambia. "Lakini hakuna anayejua mapema itakuwa nani. Ndiyo maana naogopa."

Mume wangu anafanya kazi kwenye kinu cha mpunga Mwea, na huja nyumbani mwisho wa mwezi. Nilipompigia simu kumweleza, alisema anakuja kumnyoosha. Nilimwambia kama ni hivyo abaki huko huko. Alikuja kesho yake, hasira bado usoni, lakini alikaa jikoni na binti yake wakamenya viazi, na polepole nikasikia wanaongea. Tangu hapo humpigia mtoto kwa simu yangu kila jioni, wakati mwingine akasahau kuniuliza mimi hali.

Sasa yuko kidato cha tatu. Likizo iliyopita aliniomba ruhusa ya kwenda sherehe ya kuzaliwa ya mwenzake, Mukurweini. Nilimjua mama mwenye nyumba, nikakubali, nikashinda nikiosha vyombo visafi. Saa tisa alasiri akapiga kwa simu ya duka. "Mama, kuja unichukue. Kuna vitu wameleta hapa."

Nilipanda bodaboda nikiwa na kandambili. Nilimkuta amesimama nje ya duka peke yake, amekumbatia mkoba, njaa imemshika kwa sababu hakuthubutu kula chochote. Nilimnunulia chapati na maharagwe hotelini. Alikula haraka, nami nikakaa mkabala naye.

"Wataniambia mimi ni mwoga," akasema.

"Watasema," nikamjibu, nikamwagizia chapati nyingine.