Nilimzika Baba Mdogo Ili Niahirishe Onyesho la Sufuria

Kosa ni langu. Naanza na hilo ili msihangaike kunitafutia mtetezi katikati ya habari. Baba yangu mdogo yuko hai, anakula, anaziba pancha Ipogolo, Iringa, kama kawaida, na mimi nilikubali atangazwe marehemu kwa sababu ya sufuria!

Mnisamehe mwandiko. Niliishia darasa la saba, na kuandika kwangu ni mwendo wa kobe. Kuongea ndiyo kabisa. Mbele ya watu zaidi ya wawili sauti yangu huenda kujificha sijui wapi. Kwa akili zangu hizo nikachagua kazi inayotaka maneno mengi: uwakala wa vyombo vya nyumbani, hapa Iyunga, Mbeya.

Kazi yenyewe iko hivi. Hatuna duka. Mama mmoja anakubali kuwa mwenyeji, anaalika majirani sebuleni kwake, anachemsha chai. Wakala anafika na boksi lake, anaonyesha sufuria isiyounguza, hotipoti linalotunza joto mpaka kesho. Watu wakinunua, mwenyeji anapata zawadi ya bakuli lenye mfuniko. Ni kazi nzuri sana, ila mwenyeji huahirisha.

Na wenyeji wa Mbeya wanajua kuahirisha, jamani! Kuna watu wana kipaji kinaozea uswahilini.

Mama mmoja alinipigia nikiwa nimeshafika nje ya nyumba yake, boksi kichwani. "Mwanangu, rudi tu. Kuku wangu anaatamia nyuma ya kochi. Wanawake wakicheka, mayai yataharibika." Nilikuwa namsikia kwenye simu na dirishani kwa wakati mmoja. Nikamwambia ampe kuku pole.

Mwingine alisema mume wake amekataa. Nikaheshimu, mume ni mume. Baadaye jirani yake akanieleza kuwa mume huyo alizikwa zamani, kabla mtaa wao haujaletewa umeme. Mwanaume mwenye msimamo kweli kweli!

Yuko ambaye makochi yake yaliazimwa kwenye sherehe ya kipaimara. Kipaimara kikaisha, mtoto akahamia sekondari, makochi bado yanabarikiwa. Yuko aliyeogopa mvua mwezi wa saba, wakati vumbi la Mbeya tunalitafuna kama karanga. Na yuko aliyesema funguo za nyumba kaondoka nazo mtoto, mtoto yuko shule, shule iko Tukuyu, ni ya bweni. Alikuwa anayasema hayo huku nasikia kitunguu chake kikilia kwenye mafuta.

Mimi, bubu wa mdomo, nilikuwa simba kwenye simu. Mawakala tulikuwa na kundi letu, na kila wiki nilikuwa nawaandikia udhuru mpya na maneno yangu ya kejeli chini yake. "Tumwombee marehemu mume aliyekataa sufuria." Wenzangu walikuwa wanacheka mpaka wanatuma sauti za vicheko. Niliandika taratibu, lakini nilikuwa nachoma.

Kiongozi wetu, Dada Tusa, alinionya mapema. "Mdogo wangu, wewe mdomo wako uko kwenye vidole. Waachie watu udhuru wao. Hujui nyumbani kwao kukoje."

Nikamjibu kwenye simu kwa kikaragosi kinachocheka. Mjuaji mimi!

Basi ikatokea nafasi ya wakala wa Iringa mjini. Msimamizi wetu wa huko, mama mtu mzima mwenye sauti ya kwaya, alikuwa anamtafuta mmoja kati yetu. Niliitaka nafasi ile kuliko chakula. Baba mdogo ndiye aliyenilea, na nyumba yake iko Ipogolo, kando ya barabara kuu. Alishanitengea chumba cha mbele na kupigilia rafu za mbao za kupangia sufuria. Kila tukiongea ananiambia, "Rudi nyumbani, mwanangu. Huko Mbeya unashiba baridi tu."

Msimamizi akaweka sharti. Kila anayeitaka Iringa afanye onyesho moja nyumbani kwake mwenyewe, yeye akiwa ndiye mwenyeji, mawakala wenzake wawe wageni, na Dada Tusa atazame.

Nyumbani kwangu! Mimi nakaa chumba kimoja cha kupanga. Nina kigoda. Sijasema vigoda. Vikombe ni viwili, na kimoja kinakaa mswaki.

Siku ikafika. Wenzangu wameshavaa, wanaulizana kwenye kundi wapandie wapi gari la kuja kwangu. Mimi nimesimama katikati ya chumba nikitazama hizo mali zangu. Nikaona kabisa Mama Furaha, wakala mwenzangu ambaye sebule yake ina zulia, akinyanyua kile kikombe na kunusa dawa ya meno.

Nikashika simu niseme kweli. Kweli yenyewe ilikuwa hii: "Dada zangu, naona aibu, sina pa kuwakalisha, na hata mkikaa sauti haitatoka." Nikaanza kuandika. Nilipomaliza "Dada zangu" jasho lilishaingia machoni. Kweli ilikuwa ndefu mno kwa mtu wa mwendo wangu. Nikafuta. Nikaandika neno moja.

"Nimefiwa."

Neno fupi, safi, lina kila kitu isipokuwa maiti.

Pole zikamwagika. "Jamani!" "Mungu wangu!" "Nani tena?" Nikaanza kuandika kwamba ni mtu wa mbali tu, hamumjui. Naitafuta herufi ya kwanza, wenzangu wameshafika makaburini!

Mama Furaha: "Atakuwa baba yake mdogo wa Ipogolo. Si alisema anaumwa mguu?"

Mwingine: "Ndiye huyohuyo. Jamani mguu!"

Mwingine: "Mguu unaua, msiuone hivi."

Mwingine, ambaye hajawahi kufika hata Makambako: "Marehemu alikuwa mtu wa watu."

Dada Tusa akauliza kwa upole, "Mdogo wangu, ni baba mdogo kweli?"

Hapo ndipo ningeweza kumwokoa. Herufi chache tu! Nikafuta ile sentensi yangu ya mtu wa mbali, nikaandika, "Ndiyo."

Nikajifariji kuwa Ipogolo ni mbali, habari itachoka njiani. Mtu mzima mimi, nimezaliwa na kukulia huku Nyanda za Juu, nikasahau ninakoishi! Ukisema kuku anaatamia, watu watacheka na kukaa kwao. Ukisema msiba, watu wanakuja. Huku kwetu mtu anaweza kukunyima mchango wa harusi na msalimiane vizuri, lakini msiba wako asipoonekana atajieleza mpaka uzeeni. Udhuru wangu ulikuwa mzuri kuliko wa wenyeji wote niliowacheka. Ulikosa kitu kimoja tu. Haukumzuia mtu kuja, uliwaita!

Dada Tusa alimpigia msimamizi: "Mama, wewe uko karibu na msiba. Tuwakilishe."

Yaliyofuata niliyapata kwa marehemu mwenyewe.

Alikuwa amekaa uani anakula ugali kwa kunde. Akasikia vilio barabarani. Geti likafunguka, akaingia msimamizi na akina mama wenzake wa kanisani, khanga viunoni, kuni kichwani, ndoo ya unga, wanalia kwa sauti ya kwanza na ya pili kama mnavyowajua wanakwaya.

Baba mdogo ni Mhehe mwenye adabu. Hawezi kuangalia watu wanalia uani kwake yeye anatafuna. Akasukuma sahani, akaweka mikono kichwani, akalia nao!

"Sikujua nani kafa," aliniambia, "lakini mwanangu, watu wazima hawawezi kulia namna ile bure."

Akatandika mikeka. Akapokea kuni. Akapewa pole, akaitikia. Walipotulia, msimamizi akafuta machozi akauliza, "Mwili uko ndani au bado uko hospitali?"

"Mwili wa nani, mama?"

"Wa Fundi."

"Fundi gani?"

"Fundi pancha. Baba yake mdogo yule binti yetu wa vyombo wa Mbeya."

Baba mdogo akaitazama mikono yake, ule weusi wa matairi usiotoka kwa sabuni. Akamsalimia taratibu kwa Kihehe, "Kamwene, mama. Fundi ni mimi."

Mama mmoja aliacha ndoo ya unga akakimbia mpaka barabarani. Mzee wa kanisa alishatumwa kwenda kugonga kengele, ikabidi akimbizwe kwa bodaboda.

Halafu simu yangu ikaita.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mwanangu, nasikia nimekufa."

Nikakaa kwenye kigoda.

"Nilikuwa nauliza ni lini. Maana asubuhi nimeziba tairi za fuso, sasa sijui nilizizibaje."

"Baba, nisamehe..."

"Na nimekufa kwa nini?"

"Mguu, baba."

Akasema, "Mguu umepona wiki iliyopita. Nilitaka kukupigia nikwambie." Akakata.

Ningefurahi angenitukana!

Msimamizi naye hakukawia. "Binti, mimi nimelia. Sikulia kwa kujibana, nimelia kwa koo langu lote. Iringa ninatafuta wakala wa watu walio hai. Wewe utanimalizia wateja." Nafasi akapewa Mama Furaha, yule yule aliyegundua ugonjwa wa mguu.

Mngedhani imeishia hapo. Ile barabara ya Ipogolo ina madereva wa malori, na dereva wa lori akisikia habari Iringa anaishusha Mbeya pamoja na mzigo. Yule mama aliyekimbia alikuwa ameshawaambia waliokuwa wanasubiri kuzibiwa matairi kuwa amemwona marehemu akiongea. Habari ikatembea. Madereva waliokuwa wanasimama kwa baba mdogo miaka yote wakaanza kupitiliza, wengine wakipunguza mwendo kidogo kwa heshima ya marehemu. Unaona mtu anakupungia mkono wa buriani, na wewe umeshika jeki!

Nikaenda Ipogolo kuomba radhi. Nilipiga magoti. Baba mdogo akaniinua, akanipa chai, hakupandisha sauti. Alisema tu, "Umeniua wewe, basi nifufue wewe. Nenda kasimame pale nje uwaambie."

Mimi! Kando ya barabara kuu! Nilifungua mdomo lori la kwanza likapita. La pili likapita. Sauti ilikuwa imeshaondoka zamani. Mwishowe nikachukua boksi langu la sufuria, nikalichana, nikaandika kwa mkaa, kwa mwendo wangu ule ule: FUNDI YUPO. Nikalinyanyua juu ya kichwa.

Dereva mmoja akachungulia. "Yupo wapi, dada? Mbinguni au motoni?"

Utingo wake akadakia, "Muulize kama huko wanaziba na tairi za tubulesi!"

Wakacheka, wakaondoa gari. Nilisimama pale mpaka mikono ikafa ganzi. Baadhi walisimama, mmoja akashuka kabisa akamgusa baba mdogo bega ili ahakikishe. Wengine mpaka leo wanaziba kwingine. Wamezoea.

Nilirudi Iyunga. Dada Tusa bado ananipa vyombo, lakini kundini siandiki tena. Hakuna aliyenifukuza. Nikiandika tu "habari za asubuhi", mtu anauliza, "Salama? Leo nani?"

Kinachoniuma zaidi ni nyumbani. Baba mdogo ni mtu ambaye hajui uongo. Akikuzibia tairi vibaya atakufuata mpaka Mafinga akwambie. Sasa kila nikimwomba niende kukaa naye siku mbili, ananijibu kwa sauti ya upole:

"Chumba chako kina siafu, mwanangu."

Mwezi ukapita, nikaomba tena. "Nimepaka rangi, haijakauka." Huyo mtu hajawahi kununua rangi maishani.

Mimi niliyewacheka wenyeji wa Mbeya nzima sasa ndiye ninayesimama nje ya mlango nikiambiwa nirudi. Nami nasema, "Sawa, baba." Sicheki. Nimeshajua udhuru ni nini. Ni mtu anakuficha kitu kinachomuuma, na anakuomba usikiguse.

Juzi nimempigia tena. Nikamwambia nitakuja Jumapili, tuende ibadani wote. Akakohoa kidogo.

"Jumapili haitawezekana, mwanangu. Nimefiwa."

Nikadakia, "Pole, baba! Nani?"

Nilisikia lori likipita upande wake.

"Bado sijaamua," akasema.

Ndugu zangu mnaosoma, kama hutaki wageni, sema hutaki. Kama unaona aibu, sema unaona aibu, hata kama kuiandika kutakuchukua asubuhi nzima. Ukishindwa kabisa kuwa mkweli, sema jino linauma. Jino halina kwao, hakuna atakayelibebea kuni. Lakini mtu usimfishe! Kumzika kunachukua neno moja. Kumfufua, mimi bado niko barabarani na boksi langu.