Shombo la Samaki wa Shefali

Mwanangu, nakumbuka siku moja huko Stratford kwa Waingereza, mwanzoni mwa miaka ya tisini, nilivyoharibu chakula cha mgonjwa kwa mikono iliyokusudia wema. Nimelifungua daftari langu la zamani nisije nikajipendelea, maana mie niliishia darasa la saba na kumbukumbu hunidanganya.

Jirani yangu Shefali, Mbengali, alikuwa na mama mkwe aliyetoka hospitali. Wiki nzima bibi huyo alikuwa akisukuma sahani. Siku hiyo akataja kitu kimoja tu: ilish, samaki wa mito ya kwao, apikwe kwa haradali. Shefali akampata kwenye friza ya duka moja, keshakatwa vipande, akaniita nije nione, kwa kuwa nilikuwa nikimchosha kwa maswali. Hayo mafuta ya haradali mbona yanachoma pua? Na haradali yenyewe mbona mnaisaga pamoja na pilipili mbichi na chumvi?

"Ukiisaga peke yake huwa chungu," akanijibu, akavaa koti aende kuwachukua watoto skuli. "Apa," akaniambia, ndivyo wanavyomwita dada, "barafu ikiyeyuka, hivyo vipande viweke tu kwenye sahani."

Viweke tu! Mie mtoto wa Pemba nimwache samaki na shombo lake? Nikavisugua kwa ndimu na chumvi, nikavisuuza maji matatu hata vikanyamaza.

Aliporudi akainamia sahani. "Apa, harufu iko wapi?"

"Nimeitoa," nikasema, nikingoja shukrani.

Akakaa kitini. Hakunigombeza; pengine angenigombeza ningepona upesi. Akapika hivyo hivyo, manjano, haradali, mafuta, moto mdogo, kifuniko.

Bibi akanusa, akachambua miiba kwa vidole, akaonja. Akasema neno, na Shefali akanitafsiria huku akijizuia kucheka: "Anauliza, samaki naye alilazwa hospitali?"

Nikakiri kuwa ni mie. Bibi akanitazama sana, kisha akataka kujua ndimu nimeisugua vipi, na kwetu tunakula samaki gani. Akala matonge mawili. Siwezi kuandika kwamba alishiba, hakushiba. Ila sahani hakuisukuma.

Ijumaa iliyofuata Shefali akapata samaki mwingine. Safari hii nilikaa mikono mapajani, nikauliza bila kugusa. Lile shombo lilikuwamo, limelala ndani ya haradali, na bibi akala mpaka akalamba vidole. Mie sikulipenda siku ile, nisiseme uongo. Mara ya tatu nililipenda.

Basi mwanangu, wewe unayenijibu kwa Kiingereza, ukiingia jiko la mtu usitoe kitu kabla hujauliza kwa nini kimo. Huenda unachokiona uchafu ndicho anachokililia mwenzio. Na ukikosea, sema hapo hapo, sahani ikiwa bado mezani. Hayo ndiyo niyajuayo. Wako wanaojua zaidi. Mungu akujaalie jirani atakayekufungulia mlango hata baada ya kumharibia chungu.