Vumbi la Mbao Machoni mwa Kocha

Usiku ule wa kuamkia kikao cha kumwondoa kocha nililala mapema, tena nililala vizuri. Mtu aliyekwisha kuamua halali vibaya. Barua ya kumfukuza Kocha Lusajo ilikuwa mfukoni mwa koti langu, na chini yake sahihi yangu, ile niliyojifunza kuiandika nikiwa tayari baba wa watoto wanne.

Shule niliishia darasa la tatu. Mbao nimepasua kwa mikono hii milima yote mnayoiona, leo nina mashine, na chuo cha ualimu kiliponiomba niwe mwenyekiti wa kamati ya timu yao ya mpira hakikuniuliza cheti. Uzio wa uwanja ni mbao zangu. Benchi la wachezaji ni mbao zangu. Kwa hiyo timu ilipofungwa mechi ya nne mfululizo, wanafunzi hawakuimba jina la kocha, waliimba langu. "Mzee Mbao, timu imeoza! Mzee Mbao, timu imeoza!" Nikasema basi, kocha aondoke.

Usingizini nikajikuta uwanjani. Ukungu umeshuka mpaka magotini. Mtu ameinama na ndoo ya chokaa, anachora mstari wa pembeni, na mstari unapinda, unatoka nje ya uwanja, unaelekea makaburini, naye anaendelea kuchora tu. Mgongo ule niliujua. Alikuwa Kocha Sefu, tuliyemzika mwaka juzi.

Sefu alikuwa mwenzangu kabla hajawa kocha. Tulipasua mbao kwa msumeno wa watu wawili: gogo linalazwa juu ya shimo, mmoja anasimama juu yake, mwingine anaingia chini. Wa juu anaona mstari. Wa chini anavuta tu, na vumbi lote linamwagikia usoni. Miaka sita mimi nilikuwa juu. Hatukuwahi kubadilishana. Mpaka uzeeni aliniita hivyo kwa utani, "Ewe Wa Juu," na mimi nacheka. Nilipopata uenyekiti nilimpa timu, maana mpira aliujua kuliko mtu yeyote hapa, na chini yake timu ilitisha.

Kisha yakaja macho. Wa kwanza kujua nilikuwa mimi. Mazoezini alianza kuwaamuru vijana wataje majina yao kila wanapopokea mpira, watu wakasifu, wakasema ni mbinu mpya. Mbinu gani! Alikuwa hawaoni. Nikanyamaza misimu miwili, kwa sababu nilimchagua mimi, na sikutaka kuambiwa nimechagua kipofu. Mpaka siku ya mechi na chuo cha jirani, alipoingiza winga bila kumtoa mtu. Tukacheza tuko kumi na wawili, hata mwamuzi hakuona, hadi mashabiki wa upande wa pili wakaanza kuhesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, na uwanja mzima ukahesabu nao, ukicheka.

Enzi zile kwetu kocha hakufukuzwa kwa maneno wala barua. Alitumwa mtu nyumbani kwake kuchukua filimbi na mfuko wa mipira, naye akaelewa. Jioni ileile nilimtuma mlinzi wa uwanja. Sefu akatoa filimbi na mfuko. Hakutoka tena nje ya nyumba ile mpaka tulipomtoa sisi, begani.

Sasa niko nyuma yake, kwenye ukungu. "Sefu," naita.

Hageuki. "Anayepokea ataje jina."

Nataja jina langu. Anageuka. Kope zake zimejaa vumbi la mbao, jekundu, bichi, kama zamani.

"Mwenyekiti," anasema. Hakuwahi kuniita hivyo akiwa hai. "Vijana wanakula nini siku hizi?"

Natazama benchi. Vijana wa timu wamekaa wote, na jezi zao, na ile ndoo ya chokaa iko katikati yao. Wanachovya vidole, wanalamba. Kipa analamba glovu.

"Nani kawapa hiyo?" nafoka.

"Kamati," kipa anajibu kwa adabu, midomo myeupe. "Shikamoo, Mzee Mbao."

Nilijua anasema nini. Zamani vijana walikunywa uji wa karanga kila baada ya mazoezi. Mwanzo wa muhula nikaufuta mimi, nikasema wakati napasua mbao hakuna aliyenikorogea uji. Kocha Lusajo alinijia mara tatu. "Mzee wangu, kipindi cha pili miguu inawakatika." Nikamjibu mbele ya kamati, "Wewe ni kocha au mpishi?" Wakacheka. Mechi zote nne tumefungwa kipindi cha pili. Na hilo nilikuwa nalijua.

Nageuka nimjibu Sefu, sioni mtu. Niko chini. Kuta ni udongo, juu yangu kuna gogo, na msumeno unashuka, unapanda. Mikono yangu imeshika mpini wa chini, siwezi kuuachia. Vumbi linaanguka. Linaingia machoni, puani, mdomoni.

"Sefu! Sioni!"

"Najua," anasema kutoka juu. "Na wewe ulijua."

Msumeno haukusimama.

"Mimi ulichelewa kuniondoa. Huyu kijana Lusajo unawahi kumwondoa. Mara zote mbili ulikuwa unaangalia jina lako."

Nataka kumwomba radhi, mdomo umejaa.

"Jioni ile nilikaa mlangoni nikikusubiri wewe," anasema, taratibu. "Akaja mlinzi."

Kisha nasikia uwanja unahesabu. Siwaoni, nawasikia pande zote za shimo. Moja. Mbili. Hawacheki safari hii. Wanafika kumi na moja, na nyuso zinainama ukingoni, vijana wote na midomo yao ya chokaa, wananitazama mimi.

"Kumi na mbili," wakasema.

Niliamka nikikohoa. Mke wangu aliuliza nina nini, nikamwambia vumbi. Akasema, "Vumbi gani, baba, masika haya?"

Filimbi ya Sefu nilikuwa nimeificha kabatini, chini ya mashuka. Niliitoa nikaiweka mezani kando ya barua, na kumekucha ikiwa hapohapo. Barua sijaichana. Nimelikata jina la Lusajo kwa kalamu, pole pole kama ninavyoandika, na pale juu nimeandika langu.

Kikao ni saa nne. Nitaanza na macho ya Sefu, nije kwenye uji wa vijana. Kisha wanakamati wahesabu wenyewe.