Kulifuata Yai Langu Mwanza

Niliondoka Bariadi kwa sababu nilitaka mtoto wa yai langu mwenyewe. Nina miaka thelathini na sita, nashona nguo karibu na soko, na jaribio la kwanza la upandikizaji lilinipatia yai moja tu, nalo halikurutubika. Daktari wa Mwanza, mama asiyejua kubembeleza, aliniambia akiba yangu ya mayai iko chini. Tungejaribu mara moja zaidi. Ikishindikana, tutumie mayai ya mwanamke mwingine. Akanipa jeli ya homoni ya kiume, nipake pajani kila jioni kwa wiki kadhaa kabla ya kuanza sindano. "Kwa wengine inasaidia, kwa wengine hapana," alisema. "Sikuahidi kitu."

Kule kijijini Zagayu, mama mkwe alipopata habari za jeli hiyo alishtuka. Kila nilipoenda kumsalimia alinishika kidevu na kukigeuzia mwangani.

"Mwangaluka, mayu," nilimwamkia Kisukuma, yaani habari za asubuhi, mama.

"Mwangaluka. Ndevu bado?"

Nilitokwa na chunusi mbili tu, jamani.

Asubuhi ya safari, mimi na mume wangu Masanja tulipanda basi la Lamadi. Kando ya barabara watu walikuwa mashambani wakivuna pamba, nami niliupakata mkoba wenye mrija wa jeli. Tulishuka Mkula kulala kwa shangazi yake Masanja, maana kumpita shangazi bila kuingia kwake ni kutafuta ugomvi wa mwaka mzima.

Jioni, Mkula. Shangazi alitupa michembe, vile viazi vitamu vya kukaushwa, na maziwa ya mgando, kisha akauliza ule mrija mkobani ni wa nini. Kosa langu ni mdomo, nikamweleza yote.

"Ya kiume?" Macho yake yakaenda zizini. "Dume langu linakula tu, kazi halifanyi."

Nilicheka, nikaenda kuoga. Niliporudi kupaka, mrija ulikuwa umekamuliwa mpaka mwisho. Shangazi alikuwa zizini, anamsugua yule ng'ombe shingoni.

"Nimempaka kidogo tu, mwanangu!"

Masanja aliangua kicheko hadi alipouona uso wangu. Nililia kwa hasira. Niliona mtoto wangu amepakwa ng'ombe.

Kesho yake, Mwanza, nilimwambia daktari kabla hata sijakaa. Aliinama mezani akicheka hadi akavua miwani.

"Wiki zako za jeli zilikuwa zimeisha. Jioni moja haiharibu. Shangazi alinawa mikono?"

"Alinawa."

"Basi tuanze sindano."

Tulipanga chumba mjini, na kila siku nilichomwa tumboni. Siku ya kupimwa nilifumba macho. Katika jaribio la kwanza, kwenye kioo cha mashine ya kupimia tumbo, kilionekana kifuko kimoja cha yai. Sasa daktari alisema, "Sita." Nikamwomba ahesabu tena. Akahesabu. Sita! Masanja, mwanaume asiyejua kukumbatia mbele za watu, alimkumbatia nesi.

Katika vile sita walipata mayai manne, na mawili yakarutubika vizuri. Walipandikiza moja. Masanja akarudi kwenye pamba; mimi nikabaki, sili, silali, hadi kipimo cha damu kikasema ndiyo, na baada ya hapo moyo mdogo ukaonekana ukidunda kwenye kioo. Nilipiga kelele kliniki nzima ikasikia. Sina aibu nayo hata leo.

Nikiwa kwenye basi la kurudi nilimkumbuka daktari. Nilikuwa nimemuuliza kama ni jeli iliyoleta mayai. "Huenda," alisema, "siwezi kuapa." Nilichojifunza mimi ni kwamba akiba kuwa chini si akiba kuisha, na anayeniambia tofauti aje na vipimo.

Zagayu, mchana. Nilikuwa nimempigia Masanja simu, naye akatangulia kufikisha habari. Mama mkwe alinivuta ndani, akafunga mlango, akanong'ona.

"Watu watauliza, mwanangu. Hata mimi nauliza. Yai ni la nani?"

"Langu, mayu."

"Lako kabisa?"

"Langu kabisa."

Alifungua mlango kwa kishindo. Vigelegele vyake viliwatoa majirani mashambani wakiwa na pamba mikononi, wakadhani kuna harusi.

"La kwake!" aliwapigia kelele. "Yai ni la kwake mwenyewe!"