Ng'ombe wa Wifi Tabea

Wifi yangu Tabea Sumari alizaliwa katika boma hili la Nkoaranga, na anataka azikwe hapa hapa, kando ya mama yake, pale migomba inapokutana na mfereji. Sijawahi kumsikia akitaka jambo jingine kubwa. Kila kifua kilipombana aliniuliza, nami nilimjibu, "Tulia, wifi. Siku ikifika ukoo utazungumza."

Nilijua ukoo ungesema nini. Tabea aliolewa Olasiti na ng'ombe wa mahari hawakurudishwa. Kwa wazee wetu, mwanamke ambaye ng'ombe wake hawajarudi bado ni mke wa kule, hata akikaa kwao mpaka nywele ziwe nyeupe. Akifa, wa kule wana haki ya kuja kumchukua.

Watu walijua alirudi kumuuguza mama. Hivyo ndivyo marehemu mume wangu, Frederick, alivyosema kanisani, nami nikaendelea kusema hivyo hata baada ya mama kufariki na Tabea kubaki. Mkono wake wa kushoto haunyooki. Tulisema aliteleza mtoni akiteka maji. Frederick alikuwa mwalimu mkuu na mzee wa kanisa. Nyumba ya namna hiyo haisimulii barabarani jinsi binti yake alivyopigwa.

Tabea hakulalamika. Mimi nilipokuwa nikifundisha, yeye ndiye aliyewalea wanangu. Alikama, alichuma kahawa, na tulipoing'oa kahawa tukapanda parachichi, alichimba mashimo akiimba sauti ya pili ya kwaya peke yake, kana kwamba sauti ya kwanza ilikuwa imechelewa na ingefika tu.

Kisha akaja Lilian. Nilimfundisha darasa la sita, akili yake kali, na sasa anasomea shahada ya uzamili katika mambo ya jamii. Alikuja kutoka Kaloleni alikopanga chumba, na barua ya chuo mkononi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Unatafiti nini?"

"Mabadiliko, Mwalimu. Kahawa imeondoka, mashamba yamegawanywa. Nataka kujua familia zinaishije sasa."

Nilifurahi. Nilimpa chumba cha Elinipa, mwanangu wa kwanza. Nilimpeleka kwa mwenyekiti wa kijiji, nikamtafsiria Kimeru kwa vikongwe, maana yeye si Mmeru, nikamfundisha mila zetu moja baada ya nyingine. Aliponihoji mimi, nilikaa sebuleni chini ya picha ya Frederick, simu yake ikirekodi, nikasema kwa fahari, "Kahawa ndiyo iliyomsomesha mume wangu. Andika hivyo."

Jioni alikaa jikoni na Tabea. Nilikuwa nawasikia wakicheka.

"Huko chuo kikuu hawafundishi kumenya ndizi? Angalia, umemenya mpaka na chakula chenyewe!"

"Shangazi, nifundishe wewe."

"Nikufundishe nilipwe nini? Utaniandika kwenye kitabu?"

"Nitakuandika, ukitaka."

Nilidhani ni utani wa jikoni.

Baada ya miezi kadhaa Lilian alirudi kuwasomea wanakijiji alichokipata, maana siku hizi vyuo vinawataka wanafunzi wafanye hivyo. Tulikusanyika ukumbi wa usharika. Mchungaji alikuwepo, na Mzee Mika, mshili wa ukoo wetu, yaani kiongozi anayeamua mambo ya mirathi na mazishi. Mimi niliwekewa kiti cha mbele.

Alianza na kahawa na parachichi. Halafu akasema utafiti wake ulibadilika njiani, kwamba jambo lililomgusa zaidi ni wanawake waliorudi kwao. Majina yote ameyaficha, akasema, isipokuwa la mmoja aliyekataa lake kufichwa.

Akasoma maneno ya Tabea, kwa sauti ile ile niliyomfundisha kusomea darasani. Kwamba mume alimvunja mkono. Kwamba alirudi nyumbani kwa miguu na akamwomba kaka yake arudishe ng'ombe ili awe huru. Kwamba kaka hakuweza, kwa sababu ng'ombe wale waliuzwa zamani, wakamlipia ada ya chuo cha ualimu.

Halafu akasoma sentensi yangu juu ya kahawa. Hakulitaja jina langu. Nani asingejua? Nyuma yangu mwanamke mmoja akasema, "Kumbe kahawa ina pembe," na watu wakacheka.

Habari za mkono nilizijua. Za ng'ombe sikuzijua. Miaka yote ya ndoa Frederick aliniambia ni kahawa ya baba yake, na mimi nikawapa wanangu hadithi hiyo kama urithi.

Tabea alisimama. "Mzee Mika," alisema, "nimesema mbele ya mchungaji na mbele yako. Ng'ombe wangu walisomesha mwalimu wa watoto wenu. Kule sina deni mimi; mwenye deni ni boma lililowauza. Nizikwe kwetu."

Mzee Mika akajibu, "Tumesikia, binti Sumari." Kisha akanigeukia. "Mama Elinipa, wa kule wakija kudai ni boma litakalojibu, na wewe ndiye mwenye boma sasa. Neno lako ndilo tunalosubiri."

Niliinuka, nikatoka.

Nyumbani nilimkuta Tabea akisonga ugali kana kwamba tumetoka ibada ya kawaida.

"Ungeniambia mimi," nilisema.

"Nilikuambia kila nilipougua, wifi. Ulisema ukoo utazungumza. Basi leo umezungumza."

"Umemvua nguo kaka yako kaburini!"

"Yeye ana kaburi. Mimi ndiye nisiye nalo."

Tulikaa siku nyingi tukipishana mlangoni kama wapangaji.

Asubuhi moja Lilian akasimama getini na jani la isale lililofungwa fundo. Kwetu anayekuletea isale anaomba msamaha, na hakuna anayeruhusiwa kulikataa, hata kama ameuawa mtoto wake. Mila hiyo nilimfundisha mimi mwenyewe, sebuleni kwangu, simu yake ikirekodi.

"Mwalimu, nisamehe. Nilipaswa kukuonyesha kwanza."

"Ulipaswa. Ulilala kwangu, ukala kwangu."

Nililipokea. Sikumkaribisha ndani, na picha ya Frederick nimeitoa ukutani. Sijui kama nitairudisha.

Lakini isale lina kazi nyingine kwetu. Tunalipanda kuonyesha mpaka, na kuonyesha kaburi. Nilikata shina la isale kwenye ua, nikachukua jembe na kumtuma mtu amwite Mzee Mika. Alipofika nilikuwa nimekwisha kulipanda, kando ya mama mkwe, pale migomba inapokutana na mfereji.

"Hapa ni pa Tabea," nilimwambia. "Neno langu ndilo hilo."

Tabea alikuwa amesimama jikoni akitutazama. Hakuja. Baadaye nilisikia sauti ya pili ikitoka jikoni.